Faini ya Maji

Montréal, 16 Mei 2014

Mama, Papa, Yaya, na ninyi nyote mtakaosomewa barua hii uani,

Huku mtu ametozwa faini kwa kumrushia mwenzake maji. Sisemi ile tindikali mnayoiona ikipita kwenye malori kwenda viwandani. Ni maji ya kunywa, ya chupa ya plastiki.

Jina lake Shawn Thornton, mchezaji wa hoki ya barafu wa Boston. Jumamosi iliyopita mechi ilikuwa inaelekea mwisho naye amekaa benchi. Akamwona P.K. Subban wetu wa Montréal anapita mbele yake, akachukua chupa, akamminyia maji usoni. Kesho yake ligi ikatangaza adhabu: dola 2,820 na senti 52, faini kubwa kuliko zote walizoruhusiwa kumtoza. Zile senti 52 ndizo zinaninyima usingizi. Nani alikaa na kalamu akaona kwamba 2,820 kavu haitoshi? Lakini nikikumbuka foleni ya madumu pale kisimani, naona kwetu angelipa zaidi. Akina mama wangemuuliza kwanza kama maji anayomwaga hovyo aliyachota yeye.

Halafu sikilizeni kazi ya huyu Thornton. Yuko pale hasa kwa sababu ya ngumi zake. Desemba alimshambulia Brooks Orpik wa Pittsburgh, Orpik akatolewa kwa machela, na Thornton akafungiwa mechi 15. Lakini angesubiri Orpik awe tayari, wakatazamana, wakakubaliana kwa macho kisha wakapigana, angekaa dakika tano tu na kurudi kucheza. Papa, usikunje uso. Ndiyo sheria.

Nawaeleza jinsi inavyokwenda. Wakitaka kupigana, wanatupa magongo na glavu chini. Wenzao wanasogea pembeni kuwapa nafasi. Marefa wako wanne, na wawili kati yao wanasimama karibu kabisa, mikono imening'inia, wanasubiri. Hawaingilii mpaka mmoja aanguke au wote wachoke. Kisha kila mmoja anapelekwa kwenye kizimba chake kando ya uwanja. Kizimba kina benchi na ukuta wa kioo, na mlangoni yuko mtu aliyeajiriwa kufungua na kufunga. Wanakaa humo kama watoto waliofukuzwa katekisimu, wanakunywa maji (wanakunywa, hawarushi), wanafuta damu. Dakika tano zikiisha mlango unafunguliwa na kila mtu anarudi kazini. Kwetu ukimpiga mtu ngumi uwanjani unapewa kadi nyekundu, halafu kaka zake wanakusubiri nje.

Msimu huu ligi imeongeza kipengele: haruhusiwi mtu kuvua helmeti yake mwenyewe kabla ya kupigana, akivua anaongezewa dakika mbili. Nia ni njema, maana vichwa vinaumia kwenye barafu. Lakini helmeti nyingi zina kioo mbele, na kupiga kioo ni kuvunja vidole vyako bure. Basi Septemba, kwenye mechi ya kujiandaa na msimu, Krys Barch wa New Jersey na Brett Gallant wa New York Islanders walipata jawabu. Kila mmoja alimvua mwenzake helmeti, taratibu, kwa adabu zote, kama mtu anayempokea mgeni koti. Kisha wakapigana. Sheria inakataza kuvua yako. Kuhusu ya jirani ilikuwa haijasema kitu. Nilipoiona ile video nilicheka hadi machozi, nikajua hawa watu tunaweza kuishi nao.

Yaya, uliuliza mchujo wao unakwendaje. Timu mbili zinakutana mpaka moja ishinde mechi nne, kwa hiyo zinaweza kufika saba. Watu wale wale, takriban kila baada ya siku moja au mbili, kwa wiki mbili. Sasa jaribu kufikiria klabu zetu za soka, Mazembe na Lupopo, zikutane mara saba ndani ya wiki mbili. Baada ya mechi ya tatu, Lubumbashi ingebaki na nini? Hapa Montréal na Boston wamemaliza zote saba juzi Jumatano, na sisi tumeshinda 3–1 kwao.

Ndiyo, nimesema "sisi". Mnajua mimi na baridi hatuelewani, na kwenye barafu siwezi kusimama hata kwa viatu vya kawaida. Lakini kazini ukisema huna timu wanakutazama kama mtu aliyesema hana kijiji. Nikachukua ya mjini. Mwenzangu mmoja wa ghalani, Mhaiti, ndiye aliyenifundisha. Alinitafutia hata tiketi wakati wa baridi, nikaingia ule uwanja wao unaochukua watu zaidi ya 21,000. Niliyoyaona mengi nimesahau, isipokuwa mashine.

Papa, hii ni kwa ajili yako. Mechi yao ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kila kipindi kikiisha, barafu imekatwakatwa na visu vya viatu mpaka inafanana na ubao wa bucha. Basi mlango unafunguliwa pembeni, inatoka mashine kubwa kama trekta lililonenepa, dereva amekaa juu nyuma kabisa, hata sijui anaona nini mbele. Inaitwa Zamboni, jina la aliyeibuni, Frank Zamboni. Alikuwa mtengeneza barafu wa California, mahali ambapo theluji wanaiona kwenye kalenda, na mwaka 1949 ndipo ya kwanza ikafanya kazi. Kabla yake watu watatu wanne walihangaika zaidi ya saa nzima kulainisha uwanja mmoja. Chini ya ile mashine kuna kisu kirefu kinachonyoa barafu, nyembamba sana. Parafujo inazoa vumbi la barafu na kulipandisha kwenye tangi. Nyuma kabisa kuna kitambaa kinachoburuzwa kikiwa kimelowa, na hapo ndipo nilipomshika Mhaiti mkono: maji kinayopaka ni ya moto. Wanamwaga maji ya moto juu ya barafu ili ipate kuwa barafu nzuri! Kumbe yanayeyusha kidogo ile ya juu, yanajaza mikwaruzo, kisha vyote vinaganda pamoja, laini kama kioo.

Nilitazama mizunguko yote bila kupepesa. Nilikuwa naona lile lori letu la maji linalopita barabara ya mgodi kutuliza vumbi: linamwaga, vumbi linalala, halafu linakuja gari la shaba na vumbi linaamka kabla dereva wa maji hajafika kona. Hapa dereva akimaliza, watu wanampigia makofi. Miaka yote ile hatukumpigia makofi dereva wetu hata siku moja.

Turudi kwa Subban, maana ndiye anayetuunganisha mimi na Mhaiti. Alizaliwa Toronto, baba yake wa Jamaika, mama yake wa Montserrat. Mhaiti anasema ni mtoto wa visiwani, kwa hiyo ni wake. Mimi nasema kwa kiburi kile na kujua kucheza kule, hawezi kuwa mtu mwingine ila wa Mazembe. Tarehe 1 Mei, mechi ya kwanza, aliwafunga Boston mara mbili, la pili likiwa la ushindi katika muda wa nyongeza wa pili. Usiku huo huo baadhi ya mashabiki wa Boston walimmwagia matusi ya rangi yake kwenye Twitter, mengi mno. Klabu ya Boston yenyewe ilitoa tamko la kuwalaani. Yeye hakurudisha tusi. Siku tano baadaye, mechi ya tatu, alikuwa ndani ya kizimba anatumikia adhabu. Dakika zikaisha, mlango ukafunguliwa, na mpira wao (si mpira, ni kisahani cheusi cha raba) ukamkuta anatoka, njia nyeupe, kipa peke yake. Akafunga. Mimi na Mhaiti tulikumbatiana mbele ya televisheni ya baa hadi mwenye baa akauliza kama tuna undugu.

Niliwaonyesha kazini video ya Kidiaba, kipa wa Mazembe, kule Abu Dhabi mwaka 2010, anavyoshangilia kwa kurukaruka na makalio. Nilitaka wajue na sisi tuna wachezaji wenye mambo yao. Walitazama kwa makini, kisha mmoja akauliza kwa dhati kabisa angefungiwa dakika ngapi. Sikuwaambia habari ya suruali tulizochana mtaani tukimwiga, wala nani alizishona.

Sasa Jumapili. Siku ya kesho yake baada ya yale maji, nilikuwa nasoma habari za faini, nikaona jina la uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa. Mechi ya klabu ya Vita na Mazembe, mawe, polisi, mabomu ya machozi, watu kukanyagana, kumi na watano wamekufa. Nilipiga simu ya mdogo wetu, haipatikani. Nikapiga tena na tena. Mnajua anavyoipenda Mazembe, na nilikumbuka aliwahi kusema siku moja ataifuata mpaka Kinshasa. Mama ulipopokea wewe, ulinicheka. Ulisema kutoka Kolwezi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita elfu, na mtoto huyu hata kwenda sokoni Manika anaomba nauli. Simu haina chaji, amelala, anakoroma. Nikakuomba umwamshe. Ukakataa. Nikafurahi ulivyokataa.

Jumatatu ghalani walikuwa bado na hoja ya maji: ni utoto, hapana ni uhuni, faini ni ndogo, faini ni kubwa. Waliniuliza naonaje. Nilisema faini ni ndogo, kwa sababu ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Aliyenielewa ni mzee wa ghorofa ya chini. Nilipomwambia habari za Kinshasa, hakushangaa kuhusu mabomu ya machozi. Alisema hata hapa liliwahi kutupwa moja, tarehe 17 Machi 1955, alipokuwa kijana mdogo. Mchezaji wao mpendwa, Maurice Richard, alikuwa amempiga ngumi mwamuzi huko Boston (Boston tena!), na mkuu wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi zote zilizobaki pamoja na mchujo mzima. Siku nne baada ya ngumi ile, Campbell akaja mwenyewe uwanjani kutazama mechi na Detroit. Walimrushia mayai na nyanya. Halafu mtu akatupa bomu la machozi mle mle ndani. Mechi ikavunjwa, Detroit wakapewa ushindi, watu wakatoka na kwenda kuvunja vioo vya maduka ya mtaa wa Sainte-Catherine. "Wote walitoka?" nilimuuliza. Akasema wote. Tulikaa kimya kidogo, kisha akanikumbusha kwamba mwaka 2008 Montréal waliwatoa Boston hao hao kwenye mchujo na usiku huo magari ya polisi yakachomwa moto. Kwa kushinda! Nilimwambia kwetu angalau tunasubiri tufungwe. Alicheka, akanipa bia.

Juzi ilipoisha mechi ya saba wakafanya desturi yao. Baada ya wiki mbili za kuumizana, timu zote mbili zinapanga mistari na kila mtu anampa mkono kila mtu. Makocha pia. Ni jambo la heshima mno, hata mimi nilivua kofia. Jana tukasoma kwamba Milan Lucic wa Boston, akiwa kwenye mstari huo huo, mkono wa mtu kaushika, aliwatisha wachezaji wetu wawili kwamba mwakani atawaua. Redio zimegawanyika. Wapo wanaosema amechafua mstari, na wapo wanaosema aliyesema ni bora kuliko aliyekwenda kusimulia. Mhaiti yuko kundi la pili. Mimi nasubiri kuona faini itakuwa na senti ngapi.

Kesho tunaanza raundi inayofuata na New York (si wale Islanders). Nitumieni sombe iliyokaushwa akipatikana anayesafiri, na mwambieni mdogo wetu achaji simu. Na Mama, picha niliyoambatanisha isikushtue. Hakuna aliyefiwa huku. Desturi yao ni kwamba mchujo ukianza wachezaji na mashabiki hawanyoi ndevu mpaka timu itolewe, na zangu, kama unavyoona, zimeota sehemu tatu tu zisizojuana. Ukitaka ninyoe, waombee New York.

Mwanenu