Chai Isiyo na Lawama

Mume wangu alipoanza kukosa usingizi mwezi Julai, kila mtu nyumbani aligeuka mganga. Tukuyu majira hayo ukungu hushuka kutoka mlima Rungwe mapema na baridi humwingia mtu hadi ndani ya blanketi, kwa hiyo asiyelala huku ana adhabu mbili.

Mama mkwe alianza tiba: ndizi za kupika na maziwa, sahani ya kujaa, kabla tu ya kulala. Sikumpinga. Maziwa yana triptofani, ambayo mwili huitumia kutengeneza homoni ya usingizi, ijapokuwa iliyomo kikombeni ni kidogo mno kumlaza mwanamume mzima. Tatizo lilikuwa cha kushushia. Kwa mama, mlo usioshushiwa chai haujaliwa, na chai yake huchemka mpaka iwe na rangi ya udongo wa shambani.

Nikamweleza kuhusu kafeini. Nikasema mtu mzima akinywa chai saa mbili usiku, saa saba karibu nusu ya kafeini ile bado inazunguka mwilini. Mama, aliyechuma majani mawili na chipukizi tangu usichana wake, akaniangalia kwa upole wa kutisha.

"Yaani mwanangu halali kwa sababu ya shamba lililomsomesha?"

Mjadala ukafungwa.

Wifi yangu akaja kutoka Kyela na mfuko wa kakao. Akakaanga, akatwanga, akachemsha na maziwa. Kilikuwa kitamu, hilo nakiri. Lakini kakao nayo ina kafeini kidogo, pamoja na ndugu yake theobromini, ambaye si mtu wa kulala mapema.

Saa nane usiku, macho makavu, mume wangu akatwaa tochi kwenda kumkagua ng'ombe. Ng'ombe kuona mwanga akadhani amefuatwa kukamuliwa, akalia. Mbwa wakaitikia. Jirani, ambaye hajasahau ndama wake aliyeibwa, akapiga yowe, na vijana wakafika na marungu. Tulimkuta baba watoto amejibanza kwenye matete, akiapa kwamba mwenye ng'ombe ni yeye.

"Ndaga fijo," mama akawashukuru wote, kisha akabandika birika. Nani aliyekuja kukuokoa ataondoka bila chai? Mzee mmoja akashauri pombe kidogo kila jioni. Pombe humwangusha mtu upesi, kweli, halafu humwamsha kabla ya jogoo, ana kiu na mkojo. Mume wangu alisikiliza kwa makini kuliko nilivyopenda.

Baada ya hapo birika la jioni nikalichukua mimi. Mchaichai wa nyuma ya jiko hauna kafeini hata chembe; nikauchemsha na maziwa na asali kidogo, nikautoa mapema ili asiamshwe na kibofu. Chai ya majani ikabaki ya asubuhi. Taratibu mume wangu akaanza kulala, huku akinung'unika kwamba analishwa nyasi kama mifugo.

Kisha nikaenda msibani, nikalala huko. Mama akauonja mchaichai wangu, akaona umepungukiwa kitu, akafungua kopo la majani akatia kwa kiganja.

Niliporudi asubuhi kuni zote zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa ukutani. Mama alikuwa kibarazani akimsimulia jirani jinsi mchaichai unavyompa mwanamume nguvu.