Siku Vikapu Vyetu Vilipofungiwa

Ujumbe wa soko la mtandaoni ulitukuta uani, hapa Manyatta, Kisumu, mama mkwe wangu akinyunyizia maji mafunjo ya Dunga yalainike kabla ya kusukwa. Shemeji akausoma kwa sauti: matangazo yetu yote yamefichwa kwa kuwa yana msimbo uliokatazwa. Mama akasimamisha kazi.

"Nyar Kano," akaniita, yaani binti wa Kano, "kikapu changu kina kitu gani kilichokatazwa?"

Kikapu hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye maelezo yake. Shemeji alikuwa amepewa na rafiki yake templeti ya kupamba ukurasa: picha zinazopokezana zenyewe, video fupi na fomu ya kuacha anwani ya barua pepe. Ukurasa ulipendeza kweli. Lakini nyuma ya mapambo hayo kulikuwa na amri zinazofanya kazi ndani ya simu ya mnunuzi mara tu anapofungua tangazo, hata kabla hajagusa chochote.

Masoko ya mtandaoni yana sababu ya kuziogopa amri hizo. Septemba 2014, BBC iliripoti kuhusu matangazo ya simu kwenye eBay yaliyofichwa ndani yake JavaScript, lugha ya kuandikia amri kama hizo. Mnunuzi akibofya, anahamishiwa ukurasa bandia wa kuingilia na kumkabidhi mwizi nywila yake. Februari 2016, kampuni ya usalama ya Check Point ikaonyesha kwamba kichujio cha soko hilo kingeweza kupenywa kwa JavaScript isiyo na herufi wala tarakimu, iliyoandikwa kwa alama sita tu: mabano ya mraba, mabano ya duara, alama ya mshangao na ya kujumlisha. Juni 2017, eBay ikaanza kuzuia msimbo wa aina hiyo kwenye matangazo. Soko tunalouzia sisi nalo lina sheria kama hiyo.

Usafishaji ukaanza jioni ile ile. Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alifungua sehemu inayoonyesha msimbo, akatafuta neno "script" na kulifuta kila alipolikuta. Tulipotazama tangazo, mistari ya mabano na nukta mkato ilikuwa imemwagika katikati ya maneno ya Mama kuhusu mpini wa kikapu. Kijana alikuwa amefungua mifuniko akaacha vyungu na vilivyomo.

"Nipishe," shemeji akasema. Akateua kuanzia "script" ya kwanza hadi ya mwisho, akafuta yote kwa mkupuo na kuhifadhi. Msimbo ukaenda, ukaondoka na vipimo, rangi na muda wa kusafirisha, kwani templeti ilikuwa na amri juu ya maelezo na nyingine chini yake. Kabla hatujatafuta njia ya kuyarudisha, stima ikapotea mtaa mzima. Laptopu yetu bila stima haiwaki. Baba watoto aliporudi kutoka Kibuye alikuta giza, shemeji na mpwa wakirushiana lawama, na Mama amenyamaza, jambo lililotutisha kuliko kelele.

"Mlinakili kwanza?" akauliza.

Hakuna aliyejibu.

Asubuhi tukaenda saiba, Kondele. Kijana wa pale alifanya kazi kwa utulivu ambao sisi hatukuwa nao. Kwanza alinakili kila tangazo lililobaki kwenye faili la maandishi matupu. Kisha akashika kila "script" na kuifuta tangu inapofunguka hadi inapofungwa kwa mkwaju, pamoja na vyote vilivyo katikati. Akahamia kwenye "iframe" iliyobeba video, halafu fomu. Mwisho akawinda amri ndogo zilizojibanza ndani ya alama nyingine, "onclick" na "onload", ambazo ukitafuta "script" peke yake huzioni kamwe.

Chini kabisa ya ukurasa alitugeuzia skrini tuone. Palikuwa na mstari mmoja wa kuhesabu wageni, unaotuma taarifa za kila aliyefungua tangazo kwenye anwani tusiyoijua. Shemeji akampigia rafiki yake. Naye hakuijua. Templeti aliipata bure mtandaoni, akaisambaza kama alivyoipata.

Hapo hasira yangu juu ya soko iliisha. Watu walikuwa wanakuja kuangalia kazi ya mikono ya Mama, na mtu tusiyemfahamu anawaandika kila walipopita mlangoni kwetu. Mgeni anayeingia kwako kwa kukuamini, ulinzi wake ni juu yako.

Maelezo yaliyopotea Mama aliyatoa upya kwa mdomo nami nikaandika: mafunjo yalikatwa wapi, yalianikwa vipi, kikapu kina sentimita ngapi na kinastahimili mzigo gani. Aya, herufi nzito na orodha tulibaki nazo, kwa sababu hazitoi amri yoyote kwenye simu ya mtu. Picha tuliziweka kwenye nafasi zinazotolewa na soko lenyewe. Vikapu vikarudi kuonekana.

Sheria ile naiunga mkono. Ila ujumbe unaosema tu "msimbo uliokatazwa" haumsaidii fundi wa kikapu. Mitambo ya soko iliyoweza kuugundua mstari wenye kosa inaweza pia kumwonyesha muuzaji mstari wenyewe, kwa lugha anayoielewa, na kumpa siku chache za kuurekebisha kabla ya kumfungia duka.