Mzabibu Usio na Likizo

Shemeji yangu akitoka Dodoma huwa anatuletea boksi la zabibu, ambalo likifika Manyoni nusu ameshalila mwenyewe. Safari hii alikuja na chupa. Mvinyo mwekundu wa Hombolo. Akaiweka mezani taratibu kama analaza mtoto mchanga, kisha akauliza kizibuo kiko wapi.

Kizibuo! Nyumba hii ina visu viwili, na kimoja hakina mpini. Tumekulia kwenye wanzuki na pombe ya mtama, vinywaji vyenye adabu, ambavyo havijawahi kumdai mtu vifaa. Nikaenda kwa jirani seremala kuazima skrubu ndefu na koleo. Skrubu ikaingia vizuri. Kuvuta, kizibo kikakatika, nusu ikabaki shingoni. Tukaisukumia ndani kwa mpini wa mwiko, na mvinyo ukaruka.

Sasa, pale mezani palikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mama mkwe kwa mkono wake. Hicho huwa kinatandikwa wageni wakija tu, na shemeji, kwa bahati mbaya, amehesabiwa kuwa mgeni.

Badala ya kuomba radhi kwa kazi ya mama yake mzazi, akaanza somo. Eti rangi hiyo ndiyo sifa yake. Zabibu yenyewe inaitwa Teroldego, kwao ni Trentino, kaskazini mwa Italia, kwenye tambarare ya Rotaliana iliyozungukwa na milima. Mvinyo wake wa huko ulipewa hati ya kulinda jina la asili mwaka 1971, kwa hiyo ukiilima kwingine huruhusiwi kuandika Teroldego Rotaliano kwenye chupa. Nikamuuliza kama hati hiyo imetaja sabuni ya kutolea doa.

Akaendelea, huku anachuja vipande vya kizibo kwa chujio la chai. Dodoma imeanza zabibu zamani, wamisionari wa Kiitalia walipanda Bihawana miaka ya 1950. Hii Teroldego, pamoja na mwenzake Aglianico wa kusini mwa Italia, zimeletwa Hombolo karne hii na kampuni ya Cetawico. Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, la pili liko jikoni kupeleleza kama mama watoto ameshakiona kitambaa. Mpaka alipofika kwenye habari ya usingizi.

Kwao Italia, mzabibu ukishavunwa unapukutisha majani, baridi inaingia, unalala miezi. Watu wanaupogoa ukiwa umelala, wala hauna habari. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima anavuna, anauacha upumue kidogo, kisha huyo anakuja na mkasi. Maskini mti unadhani mwaka mpya umeingia, unachipua upya, unatoa maua, unazaa tena. Mavuno mara mbili kwa mwaka, na yale ya masika ukungu unayashambulia, mvua ikinyesha kwenye vichala. Umetoka Ulaya kwenye likizo ya miezi, umefika kwetu ukapewa zamu mbili.

Nikaweka kikombe chini. Mzabibu huo naujua, nakaa nao ofisi moja. Sheria ya kazi inanipa siku 28 za likizo kila mwaka, na mkuu wangu anazipogoa. Nikianza kupukutika tu, anatokea mlangoni na ripoti ya robo mwaka.

Mvinyo wenyewe? Unakausha ulimi kama umeuma ndizi mbichi. Ukiunywa mtupu unakunja uso. Ila mama watoto alipoleta yule jogoo wa kienyeji, mgumu, mwenye mafuta yake ya Singida, vikaelewana. Nakiri kwa shingo upande, ila mbele ya shemeji nimenyamaza tu.

Kitambaa kimefuliwa mara tatu. Kwa sabuni ya mche doa lilikuwa zambarau, kwa limau na chumvi likawa waridi, sasa lina rangi ya jeraha linalopona. Kitambaa kinapepea kwenye kamba kwa upepo huu wetu, mtaa mzima unakiona. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Nilipeleka barua ya kuomba siku nne tu, niende kokote. Imerudi leo asubuhi, imekatwa mstari kwa wino mwekundu.