Barua kutoka Toronto: Kiingilio cha Kuchota Maji

Makumbusho ya kijiji cha kale ni mahali ambapo nyumba, karakana na vyombo vya watu wa zamani vimekusanywa kwenye uwanja mmoja, na mgeni haishii kutazama: hukaribishwa kushika, kusaga, kufua na kuchota. Kanada na Marekani, maonyesho ya aina hii huhusu zaidi maisha ya walowezi wa karne ya 19, na kiingilio hulipwa mlangoni. Kwa msomaji wa Tandika au Tandale, jijini Dar es Salaam, jambo la kwanza kueleweka ni hilo hapo: watu wazima na akili zao, wenye mashine ya kufulia nyumbani, hutoa fedha ili waruhusiwe kufua kwa mkono.

Mtindo huu ulipata umaarufu Uswidi. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, akihofia kwamba viwanda vingefuta maisha ya vijijini. Nyumba za wakulima zilibomolewa kwa utaratibu, zikasafirishwa na kusimamishwa upya mahali pamoja. Wazo likasambaa. Toronto ikapata kijiji chake mwaka 1960, nacho kwa miaka mingi kilijulikana kama Black Creek Pioneer Village. Kimejengwa kuzunguka shamba la Daniel Stong, aliyehamia hapo mwaka 1816. Kati ya majengo yake kimo kinu cha kusaga ngano kinachoendeshwa kwa maji, cha mwaka 1842, ambacho kilihamishwa kutoka Ameliasburgh pamoja na mawe yake ya kusagia.

Katika vijiji vya namna hii, kazi inayopendwa sana na watoto ni ya maji. Mtoto huwekewa mzega wa mbao mabegani, ndoo mbili ndogo zikining'inia, akatembea hatua chache kutoka kwenye pampu huku wazazi wakipiga picha. Ndoo hazijazwi, kwa sababu za usalama. Hapo mzazi wa Kitanzania huingia kwenye mtihani: mwanawe aliyezaliwa Kanada anashangiliwa kwa kubeba maji ya kunawia uso, ilhali binamu yake wa umri uleule kule Mbagala hubeba dumu zima kabla ya kwenda shule, na hapigiwi makofi na mtu.

Hufuata kufua. Vifaa ni beseni la bati, kipande cha sabuni na ubao wenye matuta. Mtumishi wa makumbusho, kavaa gauni refu na kofia ya kitambaa, hueleza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea kwamba nguo husuguliwa, husuuzwa, kisha hukamuliwa. Mama wa Temeke aliyekuja kumtembelea mwanawe husikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha huomba apishwe kidogo, hukaza kanga kiunoni, huinama bila kupiga magoti, na baada ya muda mfupi kitambaa cha maonyesho hutakata kuliko kilivyopata kutakata tangu kinunuliwe. Wageni wengine hudhani ameajiriwa, wakaanza kumuuliza maswali.

Vyombo vingine huonwa tu. Cherehani ya kukanyaga huzungushiwa kamba na kuwekewa kibao cha kukataza kugusa. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na mashine za ukoo huohuo bado zinaleta hela ya kula kwenye baraza za Manzese, ambako kibao kilichopo ni cha kutangaza kwamba hapa tunapunguza suruali. Pasi ya mkaa nayo hukaa ndani ya kabati la kioo ikiwa imepewa namba. Pasi ya dobi wa Temeke haina namba; mwenye namba ni dobi mwenyewe, na ni ya simu.

Kwenye siagi ndipo maonyesho na maisha huachana. Malai ya maziwa hutiwa ndani ya pipa jembamba lenye mpini wa kupandisha na kushusha. Watoto hupokezana, kila mmoja husukasuka mpaka mkono uchoke, kisha hukimbilia farasi, na siagi humaliziwa na mtumishi. Chombo ni kilekile cha zamani, kazi ni ileile, hata mgongo huuma palepale. Kisichokuwepo zamani ni ruhusa ya kuacha. Mke wa mlowezi aliyeacha pipa katikati alipoteza malai yake. Mgeni wa leo akiacha, huelekezwa mahali pa kununua aiskrimu.

Jambo ambalo maonyesho haya yalichelewa kulionyesha ni ardhi. Ilikuwa na wenyewe kabla ya walowezi. Sehemu kubwa ya eneo ambalo Toronto imekaa ilichukuliwa na Waingereza kutoka kwa Wamississauga kwa makubaliano ya mwaka 1787, yakathibitishwa mwaka 1805 kwa malipo ya shilingi 10. Dai la Wamississauga kuhusu ardhi hiyo lilimalizwa mwaka 2010, serikali ya Kanada ilipolipa dola milioni 145. Wakazi wa viunga vya Dar es Salaam waliowahi kusubiri fidia ya kiwanja watauelewa mwendo huo bila kuchorewa ramani.

Dar es Salaam ina makumbusho ya ukoo huu. Makumbusho ya Kijiji, ambayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, yapo Kijitonyama, Kinondoni, kando ya barabara ya Bagamoyo, na yalianza miaka ya 1960. Humo zimesimamishwa nyumba za asili za makabila mbalimbali: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo ambao ndio wenyeji wa pwani hii. Ngoma huchezwa humo pia. Jina lake limepewa kituo cha daladala, kwa hiyo makonda hulinadi kutwa nzima, abiria hushuka kwa wingi, nao huenda zao bila kuingia.

Kwa mtoto wa Sinza aliyekulia kwenye nyumba ya tofali za saruji, tembe ni jambo geni kama lilivyo pipa la siagi kwa mtoto wa Toronto. Vyombo vingine navyo viko njiani kuelekea huko. Kibatari kinaondolewa na umeme na taa za sola. Mbuzi ya kukunia nazi inaondolewa na mashine za sokoni. Watumishi wa Toronto hujifunzia kazini ufundi ambao wenyewe walishakufa zamani. Kijitonyama bado ina bahati ya kuzungukwa na bibi wanaojua kusuka ukili, kutwanga kwa zamu na kupika kwenye mafiga bila kuunguza wali. Kuwaalika wafundishe kungegharimu nauli ya daladala, chai na posho kidogo, mradi waalikwe mapema, kwa sababu wengi wao ni watu wazima sana.