Tumewasindikiza Watoto

Sikukuu mosi, watu 11, vizazi vitatu, daladala moja: safari ya viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo ya Unguja. Wenye sikukuu yao, yaani watoto, walikuwa wanne tu. Waliobaki walikuja "kuwaangalia". Baba aliangalia simu. Shangazi aliangalia nguo za watu, akazitolea hukumu moja moja. Mjomba, aliyeapa kwamba pembea ni mambo ya kitoto, alipanda mara tatu. Ya nne alishushwa macho yamemtoka, kanzu imelowa juisi ya ukwaju.

"Bibi, na wewe hupandi?" mjukuu akauliza.

"Nipande niende wapi, mjukuu wangu, na lenyewe linarudi papo hapo?"

Akafunua kikapu, akatoa mkate wa kumimina. Wakubwa wakafika kabla ya watoto.