Duara la Mia Mbili

Nilipopakua Obsidian nilikuwa na riwaya kichwani na vipande vyake kila mahali: nyuma ya risiti, kwenye boksi la kiberiti, hata kiganjani. Programu hii, iliyotoka mwaka 2020, haitaki mambo ya kabati na droo. Kila wazo lina ukurasa wake. Ukitaka kuliunganisha na jingine unaandika jina la mwenzake ndani ya mabano ya mraba, mawili kila upande, na hapo yameshikana.

Babu wa mtindo huu ni mwanasosholojia Mjerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998 akiacha kadi zipatazo 90,000 zinazoelekezana kwa namba. Kadi hizo zilimzalia vitabu chungu nzima. Namheshimu. Lakini sidhani aliwahi kukatiza sentensi kwa sababu maji yamekuja saa tisa usiku, mfereji uko chini, na yeye na mitungi yake wako ghorofa ya sita mtaani Huruma.

Mimi hukatiza. Ndiyo maana ukurasa wa “Mhusika Mkuu” uliungana na “Maji”, “Maji” na “Keateka”, “Keateka” na “Kodi”, “Kodi” na “Deni”, na “Deni” ikaenda kwa kila mtu ninayemjua. Nikafungua ramani ya programu, ile inayochora kila ukurasa kama nukta na kila kiungo kama uzi. Katikati ilikaa nukta nono: “Deni”. “Riwaya” ilikuwa pembeni kabisa, haina hata uzi mmoja.

Fundi stima wa ploti yetu, mtu anayezijua nyaya zote kuanzia Ngei hadi Kiamaiko, akachungulia begani kwangu.

“Boss, hii laini ni ya kuiba.”

“Haya ni mawazo yangu.”

“Basi mawazo yako hayana fyuzi.” Kidole chake kikasimama kwenye nukta. “Na mbona mimi nimo?”

Alikuwemo kwa sababu ana mia mbili zangu. Mimi nina mia mbili za mama mboga wa pale langoni. Tulipofuata nyuzi tukakuta mama mboga naye ana mia mbili za fundi, za kumfungia balbu ya kibandani. Duara kamili! Nilishuka ngazi mbio, simu mkononi, fundi nyuma yangu, kumweleza mama mboga kwamba sisi watatu hatudaiani chochote.

Alinisikiliza hadi mwisho huku akikatakata sukuma.

“Mwanangu, huyo Duara simjui. Wewe lete mia mbili, nimpe fundi, fundi akurudishie.”

“Lakini sina mia mbili, mama. Anazo fundi.”

Fundi akasema hana, ila yuko tayari kupokea wa kwanza. Mama akasema vivyo hivyo. Kisha, kabla mtu hajatoa hata shilingi, wakaanza kugombana ni nani atakayelipa ada ya M-Pesa.