Nusu Mbele ya Kompaila

Kompaila wa lugha ya programu ya Haskell alikuwa amevimba kichwa. "Huku kwetu hakuna ubabaishaji. Fanksheni ikipewa kitu kilekile, jibu ni lilelile. Na anayeingia ukoo wa Monoid ana kiapo: mabano yawekwe popote, jumla isibadilike."

"Naapa," Nusu akajibu haraka haraka.

Nusu ni namba ya nukta inayoelea ya biti 16, iliyoingia kwenye kanuni za IEEE 754 mwaka 2008: biti 1 ya alama, 5 za kipeo, 10 za sehemu. Hali kumbukumbu nyingi, ndiyo maana wafunzaji wa mitandao ya nyuroni wanamgombania.

"Aina yako iko sawa." Muhuri ukagongwa. "Pita."

Kazi ya kwanza walipewa mapacha foldl na foldr, ambao mtaani ni Kulwa na Doto. Orodha yenyewe fupi: 2048, 1, 1. Kulwa akakusanya kuanzia kushoto, akaleta 2048. Doto akaanzia kulia, akaleta 2050.

"Mmoja wenu mwizi!"

"Si sisi, mzee," Kulwa akajitetea. "Muulize huyo. Nampa 2048 na 1, ananirudishia 2048 ileile."

Nusu hakuona haya. "Kuanzia 2048 naruka mbili mbili. Hiyo 2049 iko katikati, na kanuni inanitaka niegemee upande ambao biti ya mwisho ni sifuri. Doto alijumlisha kwanza moja na moja, na mbili naiona vizuri. Tena mimi nina nafuu. Binamu yangu bfloat16 ana biti 7 tu za sehemu. Mhesabie moja moja, anaganda kwenye 256."

"Sasa moja 3,000 tunazijumlishaje?"

"Kulwa ataishia 2048. Igaweni orodha nusu kwa nusu, mtazipata zote. Au zidisheni kwangu, mjumlishie kwa kaka yangu wa biti 32, kama zifanyavyo kadi za NVIDIA."

"Na kiapo?"

"Ulikagua aina, mzee. Kiapo hukukikagua."

Hapo Nusu hakusema uongo. Sheria za Monoid zimeandikwa kwenye maelezo, zisomwe na wanadamu, kompaila hazioni.

"Anayefuata!"

Akaingia NaN, yaani “si namba”, aliyezaliwa pale Nusu alipojumlisha 65504 na 65504, akapata infiniti, kisha akatoa infiniti kwenye infiniti. Kompaila akamsajili ndani ya kamusi ya Data.Map, na papo hapo akamtafuta. Hayumo.

"Usijisumbue," NaN akasema, kasimama palepale. "Mimi hata na mimi mwenyewe hatulingani."